Bado Hajaacha Ziwa

Mwanahija alikuwa na wivu. Mwenyewe alijua, mumewe alijua, Kiwangwa nzima ilijua, kwa hiyo na sisi tusifichane. Jirani akishona gauni jipya, linambana yeye. Harufu ya samaki wa kupaka ikitoka jiko la pili, wali wake unakosa chumvi. Lakini hayo yalikuwa madogo madogo, ya kusonya na kusahau. Wivu wake wenyewe, ule uliomkosesha usingizi, ulikuwa kwa wifi yake Batuli.

Batuli alikuwa dada mkubwa wa Issa, mume wa Mwanahija. Aliolewa Msata, akaachwa hukohuko Msata, akarudi kwao na begi lake, masufuria yake na mbwa jike wa rangi ya udongo. Ndugu wakakaa, wakamkatia kipande cha shamba la marehemu baba yao, ubavuni mwa kipande cha Issa na mkewe. Mpaka ulikuwa mstari wa mikonge tu. Huku mananasi, na kule mananasi. Udongo ni mmoja, mvua ni moja, hata machipukizi ya kupandia yalitoka kwa mtu mmoja. Kilichotofautiana ni yule mbwa.

Maana nanasi likianza kuiva halimnukii binadamu peke yake. Nguruwe pori hupanda kutoka bondeni, ngedere hushuka kutoka mikoroshoni, na kila mmoja anajiona kaalikwa. Kwa Mwanahija waliingia, wakala, wakatupa maganda na kurudi kesho yake. Kwa Batuli hawakukanyaga. Yule mbwa hakuwa na kelele nyingi. Alikuwa na kazi.

Kila asubuhi Issa alizunguka mashamba yote mawili, akarudi kunywa chai, na kabla hajaketi sawasawa alisema neno lilelile: "Kwa dada hawajagusa." Hakuwa na nia mbaya. Issa alikuwa mtu wa kusema alichokiona, kama redio inayotangaza hali ya hewa. Lakini kwa mkewe neno lile liligeuza chai kuwa shubiri. Miaka yote ya ndoa yao hakumbuki siku mumewe aliporudi kutoka matembezini akasema, "Kwetu pazuri." Siku zote ni kwa dada, kwa dada, kwa dada. Yeye aliolewa kwenye ardhi ya watu, na ilikuwa kama ardhi yenyewe imemchagua binti yao.

Tena mbwa aliitwa Watachoka. Na nani asiyejua kwamba huku kwetu mbwa hapewi jina hivihivi? Jina la mbwa ni maneno unayomrushia jirani bila kumtaja. Kila jioni Batuli alisimama penye mikonge akaita, "Watachokaaa!" na Mwanahija, ungo mkononi, alijibu moyoni, "Sichoki ng'o!" Batuli alikwisha kumweleza kwamba jina hilo alilitoa Msata, kwa ajili ya watu wa huko waliokuwa wakimsema. Mwanahija hakusadiki. Watachoka nani, kama si yeye?

Basi Watachoka akazaa. Alijifukulia kitanda chini ya dungu la Batuli, kile kichanja cha miti anachokalia mlinzi wa shamba, akazaa watoto sita. Mmoja alikuwa dume mwenye kifua cheupe, jeuri tangu siku ya kwanza. Macho yamefumba, lakini akilitaka titi la mwenzake humpanda kichwani mpaka alipate. Mwanahija alimtazama, akajiona mwenyewe hasa, akampenda papo hapo.

"Huyo ni wako, wifi," Batuli alimwambia. "Nimekuwekea. Na wewe upumzike na hao nguruwe."

"Ahsante, wifi. Nitamchukua lini?"

"Akiacha ziwa."

"Ataacha lini?"

"Mama yake ndiye atakayesema." Batuli alichuchumaa, akamkuna Watachoka nyuma ya sikio. Yeye hakuwa na hofu ya kumshika. Akimaliza huenda kwenye pipa akanawa mara saba, moja kwa udongo, kama sheria ya dini inavyotaka, bila kulalamika. "Sasa hivi anawapa tu, wanyonye watakavyo. Wakiota meno watamuuma, naye atawakaripia. Na wao kwa wao wataumana, mmoja akilia mwenzake anajua amezidisha. Hapo ndipo mbwa anapojifunza ukomo wa meno yake. Siku utakapoona mama amemkaripia mtoto, mtoto kanywea, kaenda zake bila kinyongo, huyo yuko tayari. Ukimchukua kabla, umechukua tumbo na kelele."

Mwanahija aliitikia kwa kichwa. Lakini moyoni alijisemea kwamba ahadi ni deni, na wangapi wamekufa na madeni yao?

Shaka haikukawia kupata chakula. Wiki hiyohiyo alikuja Muhanna, mfanyabiashara wa Bagamoyo, mtu wa asili ya Omani mwenye kanzu nyeupe na ndevu zilizochongwa vizuri, ambaye hununua mananasi na kuyapakia kwenye kirikuu, kigari chake cha mizigo. Mwanahija alikuwa upande wa pili wa mikonge, akipalilia, au tuseme ukweli, akisikiliza.

"Bi Batuli," Muhanna alisema, "huyu wa kifua cheupe nimempenda. Ghala langu linataka mlinzi wa namna hii hasa. Niwekee."

Batuli alicheka. "Tutaona, Muhanna. Bado wananyonya."

Tutaona! Jembe lilimponyoka Mwanahija. Kwa wifi yake, "ni wako, nimekuwekea," na kwa tajiri wa mjini, "tutaona," tena kwa kicheko. Hasidi hana sababu, ndivyo wasemavyo, lakini siku hiyo Mwanahija alijiona ana sababu tele, na zote zimevaa kanzu nyeupe. Alikwisha kuona mwisho wake: mbwa wake anapanda kirikuu, anashuka mjini, na yeye anabaki na nguruwe wake na ile habari ya kila asubuhi.

Hazikupita siku nyingi, simu ikaja kutoka Saadani. Somo yake Batuli, yule aliyemfunda alipokuwa mwali, ameshikwa na maradhi na hana wa kumuuguza. Batuli akafunga mzigo siku ileile. "Wifi," aliaga, "nakuachia Watachoka. Anaponyonyesha anakula kama watu wawili. Mpe ukoko na dagaa, usimsahau."

"Nenda salama, wifi. Mbwa wako ni mbwa wangu," akajibu Mwanahija, na wakati anasema hakuwa na nia yoyote. Nia ilimjia kesho yake, alipokwenda na sahani ya ukoko.

Watachoka aliamka kula. Watoto wakabaki wamelaliana, macho ndiyo kwanza yamefunguka, yana rangi ya maji ya kuoshea mchele. Yule wa kifua cheupe alijitenga akaja akipepesuka mpaka miguuni pa Mwanahija. Akamtazama. Ewe msomaji, mtu mwenye wivu akitazamwa hivyo huona ameitwa. Mwanahija alimnyanyua kwa kipande cha gunia ili pua yake mbichi isimguse, akamtia ndani ya kikapu cha ukili, akapita katikati ya mikonge. Njia nzima alikuwa akijisemea, "Siibi. Ni wangu, amenipa mwenyewe. Nachukua changu mapema tu."

Shambani kwake kulikuwa na kibanda cha makuti. Alimfunga yule mtoto kwenye nguzo kwa kamba ya katani, akamsukumia bakuli la uji kwa kijiti, akarudi nyumbani kupika. Hakumwambia mumewe.

Watachoka hakuchelewa kunusa. Mwanahija aliporudi alasiri alimkuta kibandani, amemng'ata mwanawe ukosi, anamvuta amrudishe kwao. Kamba ikakaza, mtoto akalia kilio chembamba. Mama akamwachia, akamlamba, akamng'ata tena, akavuta tena. Mwanahija alisimama penye mlango wa kibanda. Kidogo amfungue. Kisha akaikumbuka kanzu ya Muhanna, akageuza njia.

Asubuhi alikuta jambo ambalo hakulitarajia hata kidogo. Mbwa wote walikuwa kwake. Watachoka, aliposhindwa kumrudisha mmoja, aliwabeba wengine kinywani, mmoja mmoja, akawapitisha mikongeni na kuwalaza kibandani kwa ndugu yao. Na shamba la Mwanahija lilikuwa zima. Hakuna ganda, hakuna alama ya kwato. Upande wa pili, kwa Batuli, pembe nzima ilikuwa imefukuliwa, mananasi yameachwa nusu nusu, juisi inawavuta nyuki.

Alifurahi. Mbona tumsingizie? Alifurahi mpaka akaimba akipuliza moto. Akaweka chai, akatia na iliki, akamngoja mumewe alete habari.

Issa alirudi, akaketi. Akanywa nusu kikombe kwanza.

"Kwa dada wameingia," alisema mwishowe.

"Masikini. Na kwetu je?"

"Kwetu hawajagusa."

Lo! Neno lenyewe lilikuwa hilo, ndilo alilolingoja miaka yote, lakini lilitoka mdomoni mwa Issa bila mwili, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Mwanahija akaona aongeze nguvu. "Mbwa amehama mwenyewe. Hata mnyama anajua pa kukaa."

"Naam," Issa akasema, akamtazama, kisha akatazama kikombe chake.

Jioni ile alichukua tochi, panga na debe bovu. "Nakwenda kulala kwenye dungu la dada," alisema, "mpaka arudi." Akatoka.

Na hivyo ndivyo Mwanahija alivyopata alichokitaka na kupoteza asichokuwa amekipigia hesabu. Shamba lake sasa lilikuwa na mlinzi bora Kiwangwa nzima, na kitanda chake hakikuwa na mtu. Akilala husikia debe likigongwa kwa Batuli, gong, gong, gong, na kila pigo lilikuwa linampata yeye kifuani. Nguruwe walipokuwa wakila shamba la Mwanahija, Issa alikwenda kulinda siku mbili, ya tatu akasema mgongo unamuuma. Leo mgongo umepona! Kwa mke una ugonjwa, kwa dada ni mzima. Kila asubuhi alirudi macho mekundu, akanywa chai, akaondoka kwenda kusimamisha upya miche iliyoangushwa, kulekule. Neno la kwa dada halikusemwa tena, na Mwanahija alilikosa. Angalau zamani alikuwa akilisema akiwa nyumbani.

Mtoto wa mbwa naye hakuwa akimpa raha. Wenzake walikua, wakaanza kucheza, kuparamiana, kutafunana masikio mpaka mmoja apige ukelele, wasimame, waanze upya. Yeye kamba ilimwishia kabla hajawafikia. Alibaki mwisho wa kamba akibweka, na mwenzake akisogea karibu alimng'ata kwa hasira na asimwachie. Ikafika mahali wenzake wakampitia mbali. Shingoni kamba ilimtoa manyoya. Akisukumiwa uji alikiuma kijiti kwanza. Mwanahija alimwona na akajua, ndani kabisa, kwamba anaharibikiwa. Lakini kumfungua ni kumwachia Watachoka ahame, na Watachoka akihama nguruwe watarudi. Akawa kama mtu aliyeshika mkia wa chui.

Batuli alipiga simu kila mara. "Mbwa hajambo?"

"Hajambo, wifi. Wote hawajambo, wananenepa." Hakuna neno moja la uongo hapo, ukitaka kuwa hakimu wa maneno.

Kisha ikaja simu ya mwisho. Somo amepata nafuu, Batuli yuko njiani, atafika kesho kabla ya adhuhuri. Usiku huo debe liligongwa kama kawaida, na wivu wa Mwanahija ukafurika. Kesho huyo anarudi, akamkute kaka yake ametumika kama mtumwa, ampe shukrani, wakae pamoja wale ndizi! Kulipopambazuka alitia chai kwenye chupa, akavuka mikonge kwa hatua za mtu anayekwenda kugombana.

Issa alikuwa juu ya dungu, ameegemea mti, blanketi limelowa umande. Hakuwa amelala wala hakuwa macho. Mwanahija hakumsalimu.

"Baba Saida, mimi sina kinyongo," alianza, na mwanamke akianza hivyo jua limekwisha kupatwa. "Lakini nataka kujua. Kwangu ulilinda siku mbili, mgongo ukakuuma. Huku umehamia. Kama moyo wako uko upande huu wa mikonge, niambie, nikuletee na godoro."

Issa alishuka polepole. Akamimina chai mwenyewe, akanywa funda.

"Mama Saida," akasema, "yule mtoto wa mbwa, nani aliyemfunga?"

Mwanahija aliinama, akaanza kufunga kifuniko cha chupa.

"Nilimwona asubuhi ileile," Issa akaendelea. "Nilipozunguka. Nikaiona na kamba, nikaijua, maana niliisokota mwenyewe."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ningekukanya, ungesema namtetea dada. Ningemfungua kimyakimya, ungesema nimekuvunja kwa ajili ya dada. Wewe kila ninalolifanya ni kwa ajili ya dada. Nikaona nikulinde."

"Unilinde mimi? Unalinda mananasi ya Batuli!"

"Yakiliwa haya, nani kawalisha nguruwe?" Sauti yake haikupanda. "Mbwa wake ameachiwa wewe. Akirudi akute shamba limekwisha lote, na mbwa amefungiwa mtoto kwako, atakuita nani? Na watu watakuita nani? Kila nanasi lililobaki hapa ni neno moja ambalo hutaambiwa. Mgongo unaniuma, Mama Saida. Unaniuma kweli. Nilikuwa nangoja umfungue mwenyewe."

Mwanahija aliketi chini, palepale kwenye umande. Alikuwa na uchu wa kulindwa na mtu huyu tangu siku aliyoolewa, na kumbe amelindwa, usiku kwa usiku, huku yeye akilala akimlaani. Haya ilimpanda mpaka masikioni. Na ndani ya haya hiyo kulikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomliza.

Batuli alipofika kwa bodaboda, Mwanahija alikuwa tayari njiani anakuja. Hakupita mikongeni. Alishika njia kuu, mchana kweupe, amempakata mtoto wa mbwa mikononi bila gunia, na kamba inaning'inia. Mwaija, jirani yao, aliyekuwa anaanika muhogo, alishangaa. "Bibi wee, umebeba mbwa kifuani?"

"Nimembeba," akajibu, akapita. Mtoto alikuwa ameshamng'ata kidole mpaka damu. Nyuma alikuja Watachoka, masikio juu.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba." Batuli alikuwa bado amesimama na mzigo wake, anatazama pembe ya shamba lake iliyogeuzwa kama makaburi mapya. Kisha akamwona mtoto, kidole kinachotoka damu, kamba, na shingo isiyo na manyoya. Hakuhitaji kusimuliwa, lakini Mwanahija alimsimulia yote, na kikapu na ukoko, mpaka na kanzu ya Muhanna.

Batuli alikasirika. Asiwepo wa kukwambia alisamehe palepale. Hao ni watu wa hadithi nyingine. "Muhanna?" alisema. "Mnunuzi unamwambia hapana kabla hajapakia mzigo? Umezaliwa wapi, wewe? Nilimwambia tutaona ili apakie aende zake! Nimekuachia mnyama wangu, Mwanahija. Nimekuuliza kila siku. Ungenitukana ingekuwa afadhali."

"Nisamehe, wifi."

"Usinipe samahani sasa hivi, sina pa kuiweka." Akamchukua mtoto, akamtia pamoja na wenzake waliokuwa wanaletwa na mama yao mmoja mmoja, wengine wakija kwa miguu yao. Papo hapo mtoto akamrukia mmoja sikio, na hakumwachia mpaka Batuli alipombana taya. "Umeona? Hawa wenzake wako karibu. Wataondoka siku si nyingi. Huyu bado, tena bado sana. Umemchelewesha kwa kumuwahisha."

"Basi huyu mpe mtu mwingine, yeyote. Mimi sistahili."

"Nani kakuuliza unastahili nini? Alikuwa wako na ni wako. Hiyo ndiyo adhabu yako. Utakuja hapa kila siku mpaka awe mbwa."

Na kweli alikwenda kila siku. Alichukua machipukizi kutoka shambani kwake akapanda upya ile pembe iliyofukuliwa, na akimaliza alikaa chini ya dungu na mtoto wa kifua cheupe. Alijifunza kumshika kwa mkono mtupu, kumtia kidole kinywani, na akiuma kwa nguvu apige ukelele na kumgeuzia mgongo, kama wenzake wanavyofanya. Batuli alimmiminia maji ya kunawia, saba, bila kuzungumza. Siku moja akazungumza. Wale watoto wengine walichukuliwa. Mmoja alipanda kirikuu cha Muhanna, wa kike, mwenye bashasha, na Muhanna alimsahau wa kifua cheupe ndani ya dakika moja tu.

Wa Mwanahija akabaki wa mwisho. Na msidhani alipona. Mtoto akimsikia Batuli anakohoa tu humwacha Mwanahija katikati ya mchezo akakimbilia huko mkia juu, na roho inamuuma Mwanahija vilevile kama zamani. Watachoka akija, mtoto humwacha na Batuli naye, akajichimbia tumboni kwa mama yake kama vile dunia nzima ni hiyo. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliketi akawatazama, akajisemea kwamba hatakuwa wa mtu yeyote huyu, atakuwa wa mama yake mpaka mvi.

Ikaja siku, mchana wa joto, mtoto alikimbilia titi kama desturi yake. Watachoka aliinua mdomo, akaonyesha meno, akatoa mngurumo mfupi. Mtoto akasimama. Mwanahija alishika pumzi, maana wiki zile za nyuma angerukia na kuuma. Mtoto akanywea, akalala chali kidogo, akainuka, akajitingisha vumbi. Akaondoka zake kwenda kutafuna gunzi la muhindi.

"Mchukue," akasema Batuli.

"Leo?"

"Sasa hivi. Mwenye mtoto amesema."

Mwanahija alimbeba. Safari hii alipita mikongeni, taratibu, kwa kuwa alijua Watachoka atakuja nyuma, na alikuwa ameshajiandaa: akija, amrudishie, hata kama ni mara kumi. Alifika mpakani akasimama akageuka. Watachoka alikuwa amelala kivulini chini ya dungu, mdomo juu ya miguu ya mbele, anawatazama. Alimng'ata huyu ukosi, alimvuta na kamba yake, alihamisha nyumba nzima kwa ajili yake. Sasa alitazama mpaka akatosheka, akafumba macho, akalala usingizi.

Mwanahija alimngoja kidogo. Hakuja. Mtoto mikononi mwake hakulia, alikuwa ananusa ncha ya kanga yake. Na Mwanahija, aliyekwisha kumwonea wivu Batuli kwa shamba, kwa kaka, na kwa neno la asubuhi, alisimama pale kati ya mashamba mawili akamwonea wivu mbwa jike, kwa vile alivyojua kupenda kitu hivyo, kisha akakiachia na kulala.